Shikamoo ya Mjomba Nurdini

Kila Jumatatu asubuhi, kabla ya kengele, wanafunzi wa darasa la sita walibishana barazani kuhusu mbio za magari ya langalanga walizozitazama kwenye runinga ya kinyozi. Jumatatu moja alianza Kulwa. Alisema Monako ni nchi ndogo kuliko hata mji wetu wa Tabora, lakini ina dereva wake kwenye mbio hizo. Je, sisi tuna nani?

Amne, mtoto asiyekubali kushindwa kwa maneno, akajibu kwamba mjomba wake Nurdini yuko Ulaya anaendesha langalanga. Loo, uongo mtupu! Nurdini, aliyemfundisha kupanda baiskeli, alikuwa dereva wa bajaji pale stesheni ya reli. Lakini wenzake waliamini, wakampisha akae katikati, naye akavimba kichwa.

Njia ya mwongo ni fupi. Kesho yake Amne alisahau chakula nyumbani. Wakati wa mapumziko bajaji ikasimama langoni, mjomba akashuka na bakuli la wali. Wenzake wote walikuwa wanatazama. Amne alipaswa kutoa shikamoo, kama siku zote. Badala yake akasema, "Habari yako, kaka."

Mjomba alimtazama. "Nzuri, dada," akajibu polepole. "Chakula chako hiki."

Kulwa alipouliza yule ni nani, Amne alisema ni dereva tu. Aliona aibu hata akashindwa kuinua uso.

Jioni mjomba, ambaye hula kwao kila siku, hakuja. Mama alipouliza kulikoni, Amne akalia na kueleza yote. Mama alimwambia kwamba shikamoo aliyomnyima mjomba hadharani hairudishwi jikoni.

Basi kesho yake akawaomba wenzake watatu, Kulwa akiwemo, wamsindikize stesheni. Akamwendea mjomba.

"Shikamoo, mjomba." Kisha akawageukia wenzake. "Huyu ndiye mjomba Nurdini. Hajafika Ulaya. Kulwa aliposema Monako ina dereva wake wa langalanga, mimi nikadanganya."

Wakacheka, Kulwa kuliko wote. Aibu ilimchoma Amne, lakini hakukimbia.

Mjomba alingoja vicheko viishe. "Marahaba," akasema. "Amne, hao wa Monako ni wachache, lakini hawakuona haya kumtaja wa kwao. Nawe mtaje wa kwako, hata kama gari lake lina magurudumu matatu. Anayemkana ndugu yake ili asifiwe, hubaki bila sifa na bila ndugu."

Akawaambia wapande, awarudishe nyumbani. Kulwa alisita kabla ya kupanda, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mjomba," akasema.