Kitambaa Juu ya Kompyuta

Jumatatu, saa mbili kasoro asubuhi, Eliana aliondoa kitambaa cha kufuma kilichofunika kompyuta ya ofisi ya mizani ya kiwanda cha kukamua mafuta, akaiwasha, akakuta majina yote ya zamu yamefutwa. Nje, wakulima walikuwa wamekalia magunia yao ya alizeti, wengine wametoka Iguguno, na hakuna aliyeweza kusema zamu ya kukamua ni ya nani. Hata lori alilorudi nalo Stanley, msimamizi wa ghala, Jumamosi jioni baada ya siku mbili Ihanja, lilikuwa bado halijashushwa.

Eliana alikuwa mwanafunzi wa kompyuta, mwaka wa pili, katika chuo kimoja cha Singida mjini, na kuitunza kompyuta hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake ya kwanza. Kazi yenyewe ilikuwa ya kumtoa mtu roho. Mashine ikikwama kidogo, alipigiwa simu mpaka mwalimu akamtoa darasani. Usingizi wa kushiba alikuwa ameusahau.

Aliichunguza mashine, akamweleza bosi ukweli: majina yalifutwa jana Jumapili, saa tisa alasiri, kwa neno la siri la Eliana mwenyewe. Abdulhamidi, mwenye kiwanda, hakutaka kusikia zaidi. Alimtoa nje mbele ya wakulima.

"Mharibifu wenu huyu hapa," alisema. "Leo naandika barua chuoni kwake wamfukuze."

Machozi yalimjia Eliana, akayameza kwa hasira.

"Shikamoo mzee," alisema, maana alikuwa bado hajamwamkia. "Wewe ndiye uliyeniamuru nilibandike hilo neno ukutani, ili usinisubiri nikiwa darasani. Kila mtu hapa analijua. Nipe mpaka saa sita. Nikishindwa, hiyo barua nitaipeleka mwenyewe."

Alianza na Selemani, mlinzi.

"Jana hakuingia mtu," Selemani alisema.

"Saa tisa ulikuwa getini?"

Selemani alikuna shingo. "Dada Eliana, usinimwagie ugali wangu. Nilitoka kidogo kuangalia mpira kibandani. Funguo ziko msumarini siku zote."

"Na kitambaa cha kompyuta?"

"Si ulikikataza Ijumaa? Mimi mwenyewe nilikikunja nikakiweka juu ya kabati. Sijakigusa tena."

Ni kweli. Ijumaa mashine ilikuwa ikizimika kwa joto, Eliana akawakusanya wote waliokuwepo kiwandani, bosi akiwemo, akawaambia isifunikwe tena. Loyce, karani wa mizani, alinuna, kwa sababu kile kitambaa alikifuma kwa mkono wake. Eliana akamfuata.

"Nimenuna, sikatai," Loyce alisema. "Lakini jana nilikuwa Misigiri kwenye kipaimara cha mpwa wangu, nikalala hukohuko. Muulize bosi. Leo alfajiri si nimerudi kwenye gari lake?"

Bosi alikohoa, akakubali kwamba alimpakia barabarani.

Eliana alirudi ofisini, akamwomba Loyce akirudishe kitambaa kama walivyokikuta asubuhi. Kilikaa vizuri, maua mbele, pembe zimeshuka sawasawa. Mharibifu mwenye haraka hafanyi hivyo. Aliyekitandaza alidhani anafanya linalopasa. Hapo Eliana akajua, akamwita Stanley mbele ya bosi. Wakulima walikuwa wamejaa dirishani.

"Shikamoo mzee Stanley."

"Marahaba. Mimi kompyuta siijui, binti."

"Siulizi kompyuta. Hicho kitambaa kimekaa sawa?"

"Kimekaa sawa. Mashine ya watu haiachwi uchi ipigwe vumbi. Ukimaliza kazi unaifunika. Nyie vijana hamkufundishwa?"

"Tulikuwa tunaifunika mpaka Alhamisi. Ijumaa nilikataza. Selemani anajua, Loyce anajua, bosi anajua. Aliyeifunika jana ni mtu ambaye Ijumaa hakuwepo. Wewe ulikuwa Ihanja, mzee."

Stanley alimtazama bosi, kisha dirisha, kisha akakaa.

"Miaka yote hii zamu nilizipanga mimi," alisema. "Mtu akija ananisalimia kwanza, ananijulia hali, ananiletea jogoo. Tangu huyu alete mashine yake wananipita kama gunia tupu. Nilikuwa nikimwangalia anavyobonyeza. Nilitaka mnitafute tena, basi."

Eliana alimwonea huruma, lakini si sana. "Na mimi ningefukuzwa chuo, mzee. Hilo uliliwaza?"

 Abdulhamidi alimwambia Stanley aende nyumbani, akageuka akisugua viganja.

"Haya, yameisha. Kaa, mwanangu, uyaandike majina upya."

Eliana hakukaa. "Hayajaisha. Umeniita mharibifu nje, mbele ya watu. Ukanisafishe hukohuko nje. Na neno jipya la siri litakaa kichwani mwangu. Nikiwa darasani, mtasubiri."

"Mimi, mtu mzima, nikamwombe radhi mtoto?"

"Ndiyo, mzee."

Loyce aliinamia meza kuficha uso. Abdulhamidi alivua kofia, akaivaa tena, akatoka. Eliana alimfuata mpaka mlangoni.

"Huyu binti hakufuta kitu," alisema bosi. "Nilimsingizia. Anisamehe."

Wakulima walimtazama. Kutoka nyuma, juu ya magunia, mama mmoja wa Iguguno akasema, "Rudia, baba. Huku hatujasikia."

Abdulhamidi akapaza sauti, akarudia.