Usimwambie Ajikaze

Kadzo na mumewe Ngumbao wanakaa mtaa wa Tudor, ghorofa ya tatu. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini bandarini, Ngumbao humpikia mkewe chai na kumwekea dawa mezani. Kadzo ana saratani ya matiti. Daktari alisema matibabu yanakwenda vizuri.

Hata hivyo, Kadzo alianza kubadilika. Alishinda kitandani. Chakula alikionja tu. Dada zake wakipiga simu, hapokei. Siku ya kliniki ilipofika, akajifunika shuka gubigubi.

"Siendi," alisema.

"Jikaze, mke wangu. Wenzako wanajikaza."

Kadzo akageukia ukutani.

Ngumbao alishuka ngazi machozi yakimlengalenga. Chini akamkuta jirani yao Auma, mhudumu wa afya ya jamii. Akamweleza yote.

"Pole, shemeji," Auma alisema. "Umemwambia ajikaze mara ngapi?"

"Kila siku, dada."

"Na umemuuliza mara ngapi anajisikiaje?"

Ngumbao akaketi kwenye ngazi, Auma kando yake.

"Huo si uvivu wala ukaidi. Huenda ni sonona, ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka. Huwapata wengi wenye maradhi makubwa, na unatibika. Nenda umuulize, kisha umsikilize. Hata kama anawaza kufa, muulize. Hutamtia wazo hilo kichwani."

Ngumbao alirudi juu, akamshika mkono mkewe. "Kadzo, moyoni mwako kuna nini?"

Kadzo akamgeukia. "Nimekuwa mzigo kwako. Siku nyingine natamani nilale nisiamke."

"Unafikiria kujidhuru?"

"Hapana. Nimechoka tu."

Neno "jikaze" lilimfika Ngumbao mdomoni. Akalimeza. Wakalia pamoja.

Siku hiyohiyo Auma aliwasindikiza kliniki. Daktari alimuuliza Kadzo kuhusu usingizi, chakula na mawazo yake. Akampa dawa ya sonona na kumkutanisha na mshauri. Kila Alhamisi Kadzo akawa anakaa na wanawake wengine wenye saratani. Huko alilia, na hakuna aliyemkemea.

Wiki ya pili alitaka kuacha dawa ya sonona. "Sioni nafuu!"

"Huchukua wiki kadhaa," daktari alimwambia. "Usiache bila kuniambia."

Akaendelea.

Jumamosi moja, miezi miwili baadaye, Kadzo alivaa leso zake mpya. "Mume wangu, nataka viazi karai."

Wakaenda kibandani vinakokaangwa kwa unga, wakaketi kwenye benchi. Kadzo alimaliza sahani yake, kisha akachovya kiazi cha mumewe kwenye mchuzi wa ukwaju.

"Hicho changu!" Ngumbao alilalamika.

"Kilikuwa chako," Kadzo akajibu huku akitafuna.