Koo la Chiriku na Pini Iliyopotea

Shuleni alikuwa na jina lake, lakini nyumbani na mtaani kote aliitwa Chiriku. Alisema tangu kufumbua macho mpaka kuyafumba. Alisema akipiga mswaki, alisema akifunga viatu. Baba yake, mpaka rangi wa nyumba, alizoea kumtania. "Kinywa cha huyu mtoto hakina mlango."

Mama yake alikuwa fundi cherehani. Alifanyia kazi chumba cha mbele, chenye dirisha la barabarani. Chiriku akitoka shule alikaa kando ya cherehani, akimsaidia mama yake kukunja pindo za nguo.

Mama alikuwa na mazoea mabaya. Alibana pini midomoni. Mikono miwili ilikuwa na kazi, basi midomo ikawa mkono wa tatu. Chiriku akamwiga. Hapo tu ndipo mtoto huyo aliponyamaza.

"Iko siku mtazimeza hizo," Baba alionya, si mara moja.

"Mama yangu alishona hivihivi mpaka akazeeka," Mama alijibu. "Hakumeza hata moja."

Asubuhi moja Chiriku aliamka kimya. Chai aliitazama tu. Alipojaribu kunywa funda moja, alikunja uso na machozi yakamlengalenga.

"Una nini, mwanangu?"

"Koo, mama. Nikimeza panauma."

Mama alishtuka. Jana yake jioni walikuwa wakishona sare mpya ya nesi wa zahanati, na Chiriku alikuwa na pini midomoni. Mama alikimbilia kibati chake cha pini. Alikuwa na pini moja tu yenye kichwa chekundu. Haikuwemo. Alipapasa sakafu, akakung'uta vitambaa, akatazama chini ya cherehani. Haikuonekana.

"Umemeza pini?" alimnong'oneza.

Chiriku alifikiri. "Sijui."

Baba akatokea mlangoni na ndoo yake ya rangi. Alikuwa na mafua, na alikohoa kila baada ya maneno mawili. "Mtoto ana nini?"

"Umemwambukiza mafua yako," Mama alisema haraka.

"Nisamehe, mwanangu," Baba alisema, akaenda kazini kinyonge.

Msimwone Mama mbaya. Mumewe hakuwa mkali. Lakini maneno "nilikuambia" ni machungu kuyasikia, hasa unapojua kwamba kweli uliambiwa.

Mama alikumbuka jinsi watu wanavyofanya mwiba wa samaki unapowakwama. Humeza tonge kavu ili usukumwe chini. Akamega mkate, akaviringa tonge. "Meza hili bila kutafuna."

Chiriku alimeza akilia. Mama akaviringa jingine. Kesho yake akafanya vilevile. Homa ikapanda. Shingo ikavimba chini ya taya. Mama aliamini pini inazidi kuzama, na bado hakumwambia mtu.

Mchana huo nesi alikuja kujaribu sare yake. Ilikuwa bado na mkono mmoja. Aliivaa, akasimama katikati ya chumba. Mama akapiga magoti kushika pindo.

"Leo chumba kimepoa," nesi alisema. "Chiriku wangu yuko wapi?" Kisha akamwona amejikunja kwenye kochi. Akamgusa paji la uso, akamshika shingo taratibu. "Mama Chiriku, mtoto anachemka. Ameanza lini?"

Mama hakuweza kujibu. Midomo yake ilijaa pini. Alizitoa mojamoja, akaziweka sakafuni. Ilipotoka ya mwisho, maneno yote yakatoka nyuma yake. Pini nyekundu, mkate, mafua ya kusingizia. Alisema huku analia.

Nesi hakumkemea. Aliketi sakafuni karibu naye.

"Unampenda mwanao, nimekusikia," alisema. "Ila mkate sasa basi. Kama kuna kitu chenye ncha kooni, tonge linaweza kukizamisha zaidi au kulichana koo. Hata mwiba wa samaki hausukumwi hivyo. Mtu anakwenda kuangaliwa. Vaa viatu twende."

Walitoka palepale. Walifika nusu ya njia ndipo nesi alipokumbuka kwamba amevaa sare ya mkono mmoja. "Watadhani ninapunguza gharama," alisema. Chiriku alitaka kucheka, lakini koo lilikataa.

Huko zahanati, tabibu alimwambia Chiriku afungue kinywa, akamulika kwa tochi ndogo.

"Njoo uone mwenyewe, mama."

Mama alichungulia. Huku na huku kooni palikuwa na uvimbe mwekundu, na juu yake madoa meupe.

"Haya ni mafindofindo," tabibu alisema. "Hizo ni tezi za koo. Kazi yake ni kupambana na vijidudu vinavyoingia kwa kinywa na pua. Safari hii vijidudu vimezishambulia zenyewe. Ndiyo maana kumeza kunauma."

"Na pini?"

"Pini ingechoma pale ilipoingia, na mtoto angeruka wakati uleule. Haileti homa siku ya kwanza, wala haivimbishi pande mbili sawasawa. Lakini kwa kuwa moja imepotea, atapigwa picha ya eksirei. Chuma hakijifichi kwenye picha."

Nesi aliinama kumbeba Chiriku ampeleke kwenye picha. Mara akasimama wima, mkono kiunoni. Aliingiza vidole ndani ya ukanda wa sare, akavuta taratibu. Ilikuwa pini yenye kichwa chekundu.

"Mama Chiriku," alisema, "mgonjwa wa pini ni mimi."

Mama alicheka, kisha akalia, kisha akafanya yote mawili kwa pamoja. Hata tabibu aligeuka dirishani kuficha uso wake.

Picha haikuhitajika tena. Tabibu alipitisha pamba kooni mwa Chiriku, akaipima. "Ni bakteria," alisema. "Atahitaji antibaotiki, yaani dawa ya kuua bakteria. Aliwahi kutokwa na vipele au kuvimba kwa sababu ya dawa?"

"Hapana."

"Vizuri. Mmefanya vema kuja. Ugonjwa huu wa bakteria ukiachwa bila dawa unaweza kudhuru moyo wa mtoto, au figo. Koo litapoa, mtadhani amepona, kumbe madhara yanabaki."

Mama alimkumbatia Chiriku kwa nguvu. Alifikiri juu ya siku mbili alizozipoteza kwa kuficha, na jinsi ambavyo zingeweza kuwa nyingi zaidi.

Nesi aliwapa dawa, akaeleza polepole. "Hii ni antibaotiki. Mpe kama ilivyoandikwa mpaka iishe. Hii ni paracetamol ya homa na maumivu, kwa kipimo cha umri wake. Aspirini usimpe, si salama kwa watoto. Anywe maji kidogokidogo, mara nyingi. Ale vitu laini, uji au supu isiyo moto sana. Changanya nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu, asukutue koo na kutema. Asimeze."

"Shule je?"

"Akae nyumbani kwanza. Akishatumia dawa kwa siku nzima na homa ikamtoka, atarudi. Kikombe chake kiwe chake peke yake, na wote mnawe mikono. Sasa nisikilize vizuri. Akishindwa kumeza hata mate, akipumua kwa shida, au asipoweza kufungua kinywa, usingoje kuche. Mkimbize hospitali saa hiyohiyo."

"Na akipata nafuu, nikiacha dawa?"

Nesi alimtazama fundi. "Ukishona pindo, ukafika mwisho usifunge uzi, inakuwaje?"

"Linafumuka lote."

"Basi nawe usiache uzi wazi."

Jioni Baba alirudi, koti limejaa madoa ya rangi. Mama alimketisha, akamweleza kila kitu. Alingoja lile neno, "nilikuambia."

"Nimepaka ukuta siku mbili nikijilaumu kwa mafua yangu," Baba alisema. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ungesema ulinionya."

"Ningesema, ndiyo. Kisha ningembeba mtoto tukaenda."

Mama aliinamisha kichwa begani kwake, juu ya madoa ya rangi, na hakujali.

Haikupita muda mrefu Chiriku akaanza kunywa supu bila kukunja uso. Homa ilitoka. Neno la kwanza likaja, na la pili, halafu mafuriko. Alimsimulia jirani, akamsimulia paka, kila mara pini ikizidi kuwa ndefu.

Baba aliona vidonge vimebaki kwenye paketi. Akakohoa. "Mama Chiriku, mtoto mzima sasa. Hivyo nipe mimi, koo bado linaniwasha."

Mama aliishika paketi. "Hivi ni vya mwanao, na vitaisha kwake. Mshono haujafungwa. Tena wewe una mafua na kikohozi. Nesi amesema makoo mengi ya namna hiyo yanaletwa na virusi, na antibaotiki haiui virusi. Utapona kwa maji ya kutosha, kupumzika, na kusukutua kwa chumvi. Ikipita wiki bila nafuu, au homa ikikushika, twende ukaangaliwe."

"Umekuwa daktari?"

"Nimekuwa mtu aliyeambiwa akasikia."

Baba akaenda kuchemsha maji, akilalamika njia nzima. Alisukutua kwa kelele mpaka Chiriku akaja kutazama. Baada ya siku chache mafua yalikuwa yamekwisha. Vidonge vya Chiriku navyo viliisha, hadi cha mwisho. Walirudi zahanati, tabibu akamulika koo, akaitikia kwa kichwa kwa furaha.

Kwa kipande cha kitambaa kilichobaki kwenye sare ya nesi, Mama alishona kijimto kidogo cha kuchomekea pini, chenye ukanda wa kufunga mkononi. Lakini mazoea yana taabu. Siku ya kwanza alikisahau mezani. Alipiga magoti kwenye pindo la gauni, mikono yote ina kazi, na pini yenye kichwa chekundu ikaanza kupanda kuelekea midomoni.

Chiriku alikuwa katikati ya hadithi ndefu ya mwalimu, mbwa na mwavuli. Hakukatiza hata neno. Alikichukua kijimto, akakifunga mkononi mwa mama yake, akaishika pini na kuichomeka. Kisha akaendelea na mwavuli.

"Sema, mama," Mama alimwambia, akiinamia pindo. "Sema yote."