Alama ya Njano Kwenye Nati

Kila Ijumaa akitoka shule, Spana hakuwa na habari ya kuingia ndani kwanza. Mkoba aliutupa kwenye kiti cha varandani, akazunguka nyuma ya nyumba na kuingia gereji ya baba yake na sare zake hivyohivyo. Mama yake, ambaye alikuwa mshonaji, alikwisha choka kumgombeza kwa ajili ya sare hizo. Siku hizi aliongeza tu sabuni ya kufulia.

Kiti chenyewe cha varandani kilikuwa kiti cha nyuma cha gari. Baba alikuwa amekitoa ndani ya Panzi, gari lake la mbio, ili liwe jepesi. Alitoa pia zulia, redio, na kila kitu ambacho hakikulisaidia gari kwenda wala kusimama. Mama alipenda kuwaambia wageni kwamba yeye ndiye mwanamke pekee mtaani aliyeletewa kochi lenye mikanda ya usalama.

Panzi lilikuwa gari dogo la kijani, kuukuu, lililopewa jina hilo kwa sababu ukilitia gia ya kwanza lilirukaruka kabla halijatulia. Mchana baba alitengeneza magari ya watu, jioni akatengeneza lake. Jumamosi moja kila mwezi uwanja wa mbio ulifunguliwa kwa madereva wa kawaida, wale wasioshindana na mtu. Hakukuwa na kombe wala zawadi. Kila mmoja alilikimbiza gari lake mpaka roho yake ikaridhika, akarudi nyumbani akinuka mpira ulioungua na akiwa na hadithi za kuwachosha wenzake wiki nzima.

Spana alipewa jina hilo kwa sababu tangu akiwa mdogo alimkabidhi baba yake spana kabla hajaitaja. Lakini kazi yake kubwa, kazi aliyojivunia hata mbele ya wanafunzi wenzake, ilikuwa nati za magurudumu. Gari likishateremshwa kutoka kwenye jeki, alichukua ile spana ndefu inayolia "tak" nati inapokaza sawasawa. Ikilia tu, alipiga mstari mwembamba wa rangi ya njano kutoka kwenye nati hadi kwenye gurudumu. Nati ikilegea, mstari unaachana, na mwenye macho anaona. Sheria ya gereji ile ilikuwa moja: kaza, ndipo upake rangi. Rangi ilikuwa neno la mtu. Hata hivyo, kila Spana alipomaliza, baba alipita nyuma yake na spana ileile akagusa nati moja moja. Jambo hilo lilimkera kidogo, lakini hakulisema.

Ndipo akaja Taratibu.

Huyu alikuwa binti wa shangazi yake, rika lake kabisa. Shangazi alikuwa amehamishwa kikazi na hajapata nyumba, kwa hiyo binti yake alikuja kukaa kwa mjomba hadi muhula uishe. Aliitwa Taratibu kwa sababu hakuna alichokifanya kwa haraka. Ukimtuma chumvi, chakula kinaliwa bila chumvi. Lakini nguo akizikunja utadhani zimepigwa pasi, na daftari lake halikuwa na hata herufi moja iliyopinda. Mwanzoni Spana alifurahi kupata mwenzake wa kulala naye chumba kimoja. Walicheka mpaka mama akawagongea ukuta.

Furaha ile iliisha siku baba alipochukua kopo la rangi ya njano na kumkabidhi Taratibu.

"Nati mwachie mwenzako sasa," alimwambia Spana. "Ana mkono mtulivu huyu."

Aliinama chini ya boneti akaendelea na oili yake, kana kwamba hakutokea kitu. Roho ilimuuma Spana, ikamuuma kwelikweli. Alisimama pale mikono mitupu, akimtazama mgeni akijifunza kazi yake, na mgeni mwenyewe akiuliza kila kitu kwa adabu: Mjomba hivi, Mjomba vile. Baba alimjibu kwa upole ambao Spana, kwa hasira zake, aliona hajawahi kujibiwa hivyo tangu azaliwe.

Mistari ya Taratibu ilinyooka kama iliyopigwa kwa rula. Fundi Kipara, aliyefanya kazi na baba, aliiinamia akaitazama, akasema kwamba leo gereji imepata msanii, maana yule mwingine alikuwa akipaka rangi kama anayepaka mkate siagi. Watu wakacheka. Spana naye alicheka, lakini meno tu.

Tangu hapo akaingiwa na roho ya kwa nini. Taratibu akisifiwa shuleni, Spana alivuta mdomo. Taratibu akiongezewa mchuzi, Spana alipima kwa macho kuona nani kapata zaidi. Chumbani alijigeuza akalala akitazama ukuta, na akiulizwa kitu alijibu "ndiyo" au "hapana" basi. Taratibu alijaribu kumwomba amfundishe namna ya kuishika ile spana ndefu, maana ilimshinda urefu. Spana akamwambia akamuulize mjomba wake.

Mama aliyaona hayo. Siku moja alimuuliza Spana nani kamkanyaga kidole. Spana akasema hakuna.

"Basi huo mdomo urudishe ndani," mama alisema huku akivuta uzi kwenye cherehani, "kuku wasije wakadhani ni kibao cha kutagia."

Jumamosi ya uwanja ikafika. Panzi lilikwenda huko kwa magurudumu yake ya barabarani, na ya mbio yalibebwa kwenye pikapu ya Fundi Kipara. Uwanjani kila kundi lilipewa kibanda kisicho na milango, chenye sakafu ya saruji iliyojaa madoa ya oili. Injini zilinguruma huku na huku. Mama wa bendera, msimamizi wa usalama mwenye koti la rangi ya chungwa, alipita akiwakumbusha watoto wasivuke mstari mweupe.

Fundi Kipara alilipandisha gari kwa jeki, akabadilisha magurudumu, akazipachika nati kwa vidole, akaliteremsha. Kisha akaenda kujaza mafuta. Taratibu akaanza kazi yake. Alikaza nati akapaka rangi, akakaza nyingine akapaka, gurudumu baada ya gurudumu, bila haraka. Spana alikuwa amekaa juu ya sanduku la vifaa, karibu na gurudumu la nyuma la kushoto, akifuta kioo cha dirisha la nyuma ambacho kilikuwa safi tangu nusu saa nyuma. Jicho lake halikumwacha Taratibu hata kidogo. Alikuwa akitafuta kosa.

Akalipata. Jua lilikuwa kali, na rangi ilianza kuganda kwenye brashi. Taratibu alipofika gurudumu la mwisho, hilohilo la nyuma kushoto, aliona rangi itamharibikia. Basi akavunja sheria ya gereji. Alipiga mistari kwenye nati zote nne kwanza, myembamba na ya kupendeza, ili azikaze baadaye. Akaweka brashi chini, akainua spana. Kabla hajaifikisha kwenye nati, mjomba wake akamwita amletee helmeti kutoka kwenye pikapu. Akaiweka spana, akaondoka mbio. Siku hiyo moja, Taratibu alikimbia.

Aliporudi alimpa mjomba wake helmeti, akalitazama gurudumu lile. Mistari ilikuwa yote minne. Akafunika kopo, akafuta brashi, akarudisha spana mahali pake. Alisahau. Rangi ilimwambia kuwa amemaliza, naye akaiamini.

Spana aliona kila kitu. Neno lilimjia hadi kwenye ulimi, akalimeza. Baba atapita na spana yake kama kawaida, alijiambia. Atazigusa, azikute zinacheza, na hapo ndipo atajua nani mwenye mkono wa kazi katika nyumba hii. Alijikuta anatabasamu.

Baba alikuja akifunga zipu ya ovaroli. Alizunguka gari akitazama rangi. Alipofika nyuma kushoto aliitazama mistari, akamtazama Spana pale kwenye sanduku, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeridhika. Kisha akafungua mlango, akaingia ndani.

Hakugusa nati hata moja.

Wivu ukampanda Spana. Yeye alikaguliwa kila nati, kila mwezi, miaka yote ile. Huyu wa juzi hata hakaguliwi. Alibaki amekodoa macho, ameduwaa kwa hasira, na katika kuduwaa huko Panzi likarukaruka mara mbili, likatulia, likatoka kibandani kuelekea uwanjani.

Hapo ndipo akili ilipomrudia. Mzunguko wa kwanza huwa wa polepole, wa kupasha magurudumu moto. Baada ya huo, baba hukanyaga mafuta kwenye ile njia ndefu iliyonyooka, na mwisho wake kuna kona kali yenye ukuta wa matairi. Spana aliijua kona ile. Akilini aliliona gurudumu likichomoka pale. Alimwona baba yake ndani.

Alikimbia. Alivuka mstari mweupe bila kuutazama, akamfikia mama wa bendera, akamshika koti.

"Mama, simamisha gari la kijani. Gurudumu la nyuma halijakazwa."

"Nani kakwambia?" mama yule aliuliza, mkono tayari uko kwenye redio yake ya mawasiliano. "Mbona nimeziona nati zake zina rangi?"

Taratibu na Fundi Kipara walikuwa wamekwisha fika nyuma yake wakihema. Spana alitamani kusema kwamba ameona gari likiyumba. Neno hilo lingetosha, na hakuna ambaye angejua. Lakini lilikuwa uongo, na baba alikuwa anaikaribia njia ile ndefu.

"Nilimwona akisahau," alisema. "Nikanyamaza."

Mama wa bendera hakuuliza tena. Aliongea maneno mawili kwenye redio, na kote uwanjani bendera nyekundu zikainuliwa. Panzi lilikuwa ndiyo kwanza linaongeza mwendo. Likapunguza, likayumba nyuma kidogo, likasimama kwenye nyasi.

Waliruhusiwa kulifuata wakiwa na Fundi Kipara. Baba alikuwa amekwisha toka, amepiga magoti kando ya gurudumu la nyuma. Nati moja haikuwepo kabisa. Nyingine tatu alizizungusha kwa vidole viwili kama anayefungua chupa ya maji. Mistari ya njano ilikuwa imeachana, kila kipande upande wake.

Taratibu alianza kulia. "Ni mimi, Mjomba. Nilipaka kabla ya kukaza, nikasahau." Kisha akamgeukia Spana. "Na wewe uliniona?"

"Nilikuona."

"Mbona hukuniambia? Ungeniambia tu."

Ilikuwa kweli. Lingetosha neno moja, na Spana alikuwa amekaa karibu kiasi cha kumgusa.

Kwa kanuni za uwanja, gari lililosimamishwa kwa kosa kama lile halikurudi mbioni siku hiyo. Mwezi mzima wa kusubiri ukaishia kwenye mzunguko mmoja wa polepole. Baba hakulalamika. Waliporudi kibandani aliketi juu ya sanduku la vifaa, akamwambia Spana akae kando yake.

"Baba, kwa nini hukuzikagua?" Spana aliuliza. Machozi yalikuwa yakimtoka sasa. "Zangu ulikuwa unazikagua zote."

"Nilikuona umekaa pale," baba alijibu. "Nikajua jicho lako lipo kwenye gurudumu. Nikasema, kama Spana yuko karibu, hakuna haja. Hilo ni kosa langu. Dereva hukagua mwenyewe."

Spana aliinamisha kichwa. Maneno yale yalimuuma kuliko kofi.

"Na kosa langu jingine ni kwamba sikukueleza," baba aliendelea. "Kazi ya nati sikukunyang'anya. Umeshaijua. Nilitaka mwenzako aijue, na wewe uwe msimamizi wake. Nikadhani utaelewa bila kuambiwa."

"Mimi nilidhani humtaki tena mtu wa kupaka siagi."

Baba alitaka kucheka, akajizuia. Alimwita Taratibu asogee, naye akaja akifuta pua kwa kiganja.

"Sikilizeni wote wawili. Taratibu, kazi ina mpangilio wake, na mpangilio huo haubadilishwi kwa sababu ya rangi kuganda. Uzuri wa mstari si kazi. Kazi ni nati. Spana, wivu hupata kila mtu, hata mimi huwaonea wivu wenye magari mapya. Ukikupata, njoo useme. Niambie, 'Baba, umenionea.' Tutagombana, tutaelewana. Lakini hatari ukiiona, isemwe palepale, hata kama aliyekosea huna hamu ya kumtazama. Ulinyamaza ili mwenzako aaibike, na aliyekuwa ndani ya gari ni mimi. Ila mwishoni, Fundi kaniambia, ulisema ukweli mbele za watu, nawe ulikuwa na njia ya kuukwepa. Ndiyo maana nimekaa hapa naongea na nyinyi."

Spana alimgeukia Taratibu, akamwomba radhi, kwa sauti ndogo lakini ya kusikika. Taratibu alimwambia kwamba kumsamehe amemsamehe, ila sasa amfundishe kuishika ile spana, maana kwa kweli ni ndefu kuliko yeye. Hapo hata Fundi Kipara akapata pa kucheka.

Wakafunga magurudumu ya barabarani kwa safari ya kurudi nyumbani. Spana alisimama nyuma ya Taratibu, akamwonyesha pa kuweka mikono na namna ya kusukuma kwa uzito wa mwili. Nati ikalia "tak", ndipo Taratibu akapaka rangi. Wakaenda hivyo, nati moja moja, bila kuruka hata moja, mpaka ya mwisho.

Baba alizunguka gari akitazama mistari ya njano. Alipofika nyuma kushoto aliinama, akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka. Kabla hajasema anachotaka, spana ndefu ilikuwa kiganjani mwake. Akazigusa nati zote, moja moja, na kila moja ikalia.