Posa Iliyosubiri Kura

Wiki ya kufungua shule, duka la sare lililo karibu na soko la Eldoret huwa si duka tena, ni uwanja wa mieleka. Akina mama wanavutana sweta, akina baba wamesimama na magodoro vichwani wakiuliza bei ya ndoo, na mwenye duka amepanda juu ya kaunta akipaza sauti kama mhubiri. Katika purukushani hiyo Selpha Wepukhulu aliliona sanduku la chuma la mwisho, akalirukia na kushika mpini. Mpini wa pili ulikuwa umeshikwa na mtu mwingine.

"Siste, hii sanduku nimeshailipia kwa macho," sauti ya kiume ikasema.

"Macho haitoi risiti," Selpha akajibu bila kugeuka.

Alipogeuka akakutana na kijana mrefu, mweusi wa kung'aa, aliyevaa shati la samawati lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe. Alikuwa akicheka. Selpha mwenyewe alikuwa na gauni la kijani lililomkaa sawasawa kiunoni, na juu yake, katika joto lile la mchana, sweta kuukuu ya rangi ya damu ya mzee yenye nembo ya shule.

"Mtu mzima na sweta ya shule? Umerudia darasa?"

"Ni Perpetua Girls. Hatuivui. Na sanduku ni ya msichana anaingia huko kesho na hana mtu wa kumnunulia. Yako ni ya nani?"

"Mpwa wangu. Lakini ni kijana, anaweza kubeba nguo na gunia." Akaachilia mpini. "Naitwa Austine Okello. Sasa nitajuaje kama sanduku imefika salama?"

"Sanduku haina simu."

"Lakini wewe unayo."

Namba ilitoka. Hata yeye alishangaa jinsi ilivyotoka upesi, maana Selpha hakuwa mwanamke wa kugawa namba. Alikuwa fundi wa mitambo ya hospitali, mwanamke wa kufungua mashine ya oksijeni na kuifunga akiwa anapiga mluzi, na wanaume wengi waliowahi kumtaka waliishia kumwogopa.

Austine hakuogopa. Alikuwa na kampuni ya kukodisha hema, viti na spika, na kila jioni alimpigia simu kutoka kwenye harusi au matanga ya watu.

"Jaber, mrembo wangu, umekula?"

"Nimekula, Mzee wa Viti. Leo umezika nani?"

"Leo nimeoza. Bibi harusi alikuwa mrembo, lakini hakukufikia hata kwa kisigino."

"Muongo wewe! Mumewe akusikie."

Jumapili Austine alifika nyumbani kwa Selpha, mtaa wa West Indies, na samaki aliyemkaanga mwenyewe, akamtazama akila mpaka mifupa. Selpha alimpenda. Tuseme wazi, kwa nini tuzunguke? Alimpenda mpaka akawa anatabasamu peke yake akiwa na bisibisi mkononi.

Lakini alikuwa na penzi jingine lililomtangulia Austine, nalo ni ile shule yake ya Perpetua, kwenye barabara ya kwenda mji mdogo wa Ziwa. Bodi ilikuwa imeanza kunong'ona kwamba wasichana wamepungua, afadhali mabweni mawili wapewe wavulana, iwe shule ya mchanganyiko. Selpha alikuwa mwenyekiti wa waliosoma pale, na hakunong'ona. Siku za soko la Ziwa yeye na wenzake walivaa sweta zao na kusimama kati ya wauza mahindi na wauza maziwa, wakiwashika wazazi mikono: mama, binti yako anasoma wapi? Mlete Perpetua. Walizunguka makanisa mpaka makasisi wakawazoea. Wasichana wakaanza kuongezeka, na bodi, badala ya kufurahi, ikaharakisha mpango wake.

Mwezi wa sita posa ikapangwa. Watu wa Austine wangetoka kwao Bondo Jumamosi, wafike kwa baba yake Selpha, Mzee Wepukhulu, karani mstaafu, ambaye boma lake halikuwa mbali na shule. Alhamisi ya wiki hiyohiyo bodi ikatoa tangazo: mkutano wa wazazi, Jumamosi saa nne, kuamua mambo ya wavulana. Selpha akachukua simu.

"Austine, sogeza wageni wiki moja."

"Selpha! Mama ashafunga mizigo. Wazee wamenunua mpaka mashati. Wazee si viti, jaber, eti utawasogeza."

"Na hii shule si hema, utaing'oa halafu uisimamishe kwingine. Nikikosa huo mkutano, watapitisha."

"Kwani hakuna mwingine wa kuongea? Siku moja tu. Siku yetu."

"Nitafikiria," akasema, ingawa alishaamua.

Ijumaa alipitia shuleni kuangalia mambo, na akakuta hema zikisimamishwa uwanjani. Hema nyeupe tatu, na ubavuni maandishi mekundu ambayo hata kipofu angeyapapasa akayajua: OKELLO HEMA NA VITI. Akampigia papo hapo.

"Mwenyekiti wa bodi ni mteja wako?"

"Nani? Aa... huyo. Ndiyo, lakini aliniambia ni siku ya tuzo..."

"Posa Jumamosi. Mkutano Jumamosi. Hema zako. Mlikaa chini mkapanga, eh? Nifungiwe jikoni nikikaribisha wakwe, ninyi mmalize kazi?"

"Selpha, nisikize..."

"Ulinipenda, au ulikodishwa?"

Akakata simu na kuizima. Alilia ndani ya gari mpaka kola ya gauni ikalowa, kisha akapangusa uso. Kama ilikuwa ni kuachwa, aachwe. Lakini hatakaa nyumbani kumenya ndizi huku shule yake inagawanywa.

Jumamosi akavaa gauni lililoshonewa posa, kitenge cha manjano na zambarau chenye mabega ya kupanda, na juu yake sweta. Wazazi walijaa chini ya hema. Wasichana waliachwa nje, wamejipanga kando ya bweni wakisikiliza. Mwenyekiti wa bodi alizungumza kwa maikrofoni hadi wazee wakasinzia: maendeleo, nyakati, usawa. Selpha akasimama kuomba kusema. Mwenyekiti akatabasamu.

"Madam Selpha! Sisi tulijua leo una wageni muhimu nyumbani. Wazazi, huyu binti anaposwa leo, na ona, ameikimbia posa!"

Watu wakaangua kicheko. Selpha akahisi masikio yakiwaka, lakini neno moja likamnasa: tulijua. Alijuaje? Hakuwa amewaambia watu wa bodi.

Kabla hajafungua mdomo, kukawa na zogo langoni. Wanawake sita waliovaa vitenge vya sare moja walikuwa wanaingia kwa miguu, wamebeba vikapu vyao, na wazee wanne wenye mashati mapya yenye mikunjo ya dukani. Nyuma yao Mzee Wepukhulu na fimbo yake. Mbele yao wote mama mnene mwenye kilemba kirefu, Mama Leonida, mamake Austine, na Austine kando yake, macho mekundu.

"Mama, samahani," mwenyekiti akasema, "huu ni mkutano wa wazazi. Una mtoto hapa?"

"Bado," Mama Leonida akajibu, akihema kwa sababu ya kutembea. "Huyo unamcheka ndiye nimekuja kuomba awe mama wa wajukuu zangu. Kwa hivyo nitakaa. Na hii kiti ni ya mwanangu."

Akaketi. Kicheko kikageuka upande.

Austine alimfikia Selpha na kusimama karibu, hakumgusa.

"Ni mimi," akasema kwa sauti ya chini. "Nilimwambia mwenyewe. Alikuja kuuliza hema, bado hana tarehe. Nikamwambia Jumamosi hii hanipati, naenda kuposa kwa Mzee Wepukhulu wa Ziwa. Nilikuwa nimejaa furaha, Selpha. Nilikuwa naambia kila mteja. Kesho yake akapiga, akasema anataka Jumamosi hiyo hiyo."

"Na hukuona kitu?"

"Niliona kazi. Mimi ni mjinga. Lakini sikukuuza."

Selpha alimwamini, na kumwamini kukamuuma kuliko hasira. Mwanaume mzima alikuwa amempa adui siku yao kwa sababu ya kufurahi kupita kiasi. Austine akageuka, akamnyang'anya mwenyekiti maikrofoni na kumletea.

"Shika. Vyombo ni vyangu."

"Mrudishie, amelipia," Selpha akasema. "Sauti ninayo."

Hapo Mzee Wepukhulu akakohoa. Kwao, mgeni wa posa hali wala hanywi chochote mpaka binti aulizwe mbele ya watu kama anawajua waliokuja. Akisema hawajui, wanarudi kwao na njaa yao. Wageni walikuwa wamekaa sebuleni kwake saa nzima bila hata chai, ndiyo maana mzee aliwaleta.

"Selpha," akasema, "hawa watu wametoka mbali. Unawajua?"

Kando ya bweni wasichana wakasogea hatua moja mbele.

"Baba, ningoje," Selpha akasema. "Tupige kura kwanza."

Mmoja wa wazee wa Bondo akashika kiuno. Mama Leonida akamkata jicho.

Selpha akapanda juu ya kiti. "Wazazi, mimi nilisoma msingi na wavulana. Sina ubaya nao, huyu mmoja nilitaka kumwoa kabisa!" Wakacheka, safari hii pamoja naye. "Lakini kule mwalimu akitaka hesabu, aliita mvulana. Akitaka maji, aliita mimi. Nikaja hapa. Genereta ikazima, hakukuwa na mvulana wa kuitwa. Tulifungua sisi. Mfereji ukaziba, tulizibua sisi. Leo nafungua mashine wanazopumulia wazazi wenu kule hospitali, na mkono wangu hautetemeki. Ulikomea kutetemeka hapa! Wavulana wana shule zao, na tunawaombea. Hii tuachieni. Anayetaka iwe ya wasichana, asimame nyuma yangu!"

Akashuka, akatembea mpaka katikati ya uwanja, juani, akasimama bila kutazama nyuma. Aliogopa kutazama. Alisikia hatua za mtu mmoja, kisha viti vikiburutwa, kisha vumbi na miguu mingi. Alipogeuka, mlolongo ulikuwa umepinda hadi kwenye lango, na nyuma ya mwenyekiti walibaki wazee wachache waliokuwa wakiangaliana. Wageni wa Bondo, wasio na kura, walisimama kando juani bila kulalamika. Austine alikuwa ameanza kung'oa vigingi vya hema iliyomfunika mwenyekiti.

"Hii tutaipeleka juu!" mwenyekiti akafoka.

"Peleka," Selpha akasema. "Ukirudi utatukuta hapa. Na ukija usiku, tutawasha genereta tukuone."

Wasichana wakapiga vigelegele mpaka mbwa wa jirani wakabweka. Mzee Wepukhulu akangoja vipungue, kisha akaegemea fimbo.

"Selpha, mama, sasa njaa inaumiza wageni. Unawajua hawa watu?"

Selpha akamtazama Austine, mikono imejaa udongo, kigingi bado mkononi. Alikuwa na mengi ya kumwambia huyu mtu, na miaka mingi ya kuyasema.

"Nawajua wote, Baba," akasema kwa sauti iliyofika bwenini. "Hata huyu mwenye mdomo usiofungika. Wapeni chakula."