Nani Alibadilisha Jibu la Jaribio?

"Nani alibadilisha jibu la jaribio?"

Sindano, fundi cherehani, alisoma swali hilo mara ya tatu, mguu umeganda juu ya pedali. Mezani lililala gauni lake mwenyewe la harusi, mkono mmoja bado haujashonwa. Kompyuta ya masomo ya jioni ilikuwa kando ya pasi.

Miezi minne alikuwa akiandika kipande chake cha programu inayoiga prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ambayo watu wasiojuana huijenga pamoja mtandaoni. Kilitumwa Alhamisi, pamoja na majaribio ya kukipima, ambayo huwaka kijani kazi ikiwa sahihi na nyekundu ikikosea. Leo, Jumamosi, mkaguzi alikuwa amejibu:

"Prosesa hii ina vyumba vya kuhifadhia namba. Chumba sifuri hakipokei kitu, siku zote husomeka sifuri. Jaribio letu lilisema hivyo. Kwako linadai saba. Nani alibadilisha, na kwa nini? Nisipopata jibu kabla ya saa kumi, naikataa kazi hii."

Ilikuwa saa nane na nusu.

"Ee Mungu, mimi sikuligusa," alinong'ona.

Kisha akaikumbuka Alhamisi. Kinyozi, mchumba wake, aliyekaa naye dawati moja kwenye masomo ya jioni, alimwambia: "Wewe nenda kasali, mpenzi. Mimi nitabonyeza kutuma." Naye akaenda chumba cha pili, akapiga magoti, akamshukuru Mungu kwa mwanamume huyo.

Akapiga simu.

"Malkia wa nyuzi! Nina kichwa cha mtu mkononi, sema haraka."

"Ulibadilisha jibu la jaribio?"

Mashine ya kunyolea ikazimwa.

"Jaribio gani?"

"Usinichezee. La chumba sifuri."

"Aa, lile? Lilikuwa linawaka nyekundu tu, maana programu yako ilitoa saba. Nikaweka saba, likawa kijani. Si ulitaka kijani?"

"Nilitaka iwe sahihi!"

Sauti ya mteja ikasikika: "Fundi, huku upande mmoja bado nina nywele."

Kinyozi akashusha sauti. "Mwambie vidole viliteleza. Nani atajua?"

"Nitajua mimi. Na Yule niliyekuwa naongea naye nimepiga magoti anajua."

"Ukinitaja, darasa zima litaona. Ndugu zako wataniita mwongo, wiki mbili kabla ya harusi!"

Sindano alikata simu. Sasa mkaguzi hakumtisha tena; alimwogopa mchumba wake. Kama mtu anaweza kupaka rangi ya kijani juu ya kosa huku anatabasamu, akiingia ndani ya nyumba atapaka nini?

Alisali kwa maneno machache, akaufungua msimbo wake, ile mistari ya programu aliyoiandika. Kosa lilikuwa lake kweli: aliandika namba kwenye kila chumba bila kuuliza kama ni chumba sifuri. Akaongeza sharti moja, akalirudisha jibu la jaribio kuwa sifuri. Likawaka kijani, kijani cha haki. Akaandika:

"Jibu sikulibadilisha kwa mkono wangu, ila niliiacha kazi itumwe bila kuisoma tena. Kosa ni langu. Nimerekebisha."

Hakutaja mtu. Akatuma.

Dakika kumi baadaye, chini ya jibu lake ukatokea ujumbe mwingine, wenye picha ya mkasi:

"Ni mimi niliyebadilisha, mchumba wake. Yeye alikuwa anasali. Niliogopa kazi ikikataliwa ataacha masomo, na jioni zetu zitaisha."

Mlango ukasukumwa. Kinyozi alisimama pale anahema, nywele za watu zimejaa kwenye aproni.

"Mteja wako yuko wapi?"

"Nimemwacha na nusu kichwa."

"Kwa nini hukuniambia unaogopa?"

"Niliogopa kukwambia."

"Kazi ikikataliwa naandika nyingine. Lakini kuolewa na mtu nisiyejua lini anasema kweli, hilo naliogopa mpaka mifupani."

Kinyozi aliinama. "Basi nikague. Kila siku, mstari kwa mstari. Nitajibu."

Kompyuta ikalia. Mkaguzi:

"Sasa nimeelewa. Kazi imepokelewa. Mchumba asiguse majaribio tena."

Sindano alicheka, machozi yakamtoka. Akauinua mkono wa gauni uliobaki.

"Huu, tangu saa nane na nusu sikujua kama nitaushona."

"Na sasa?"

"Nenda kammalizie mtu kichwa chake. Na umwombe radhi."

Kinyozi hakuondoka. Alisubiri pale mlangoni mpaka Sindano alipovuta kiti, akaulaza mkono wa gauni mashineni, akaweka mguu juu ya pedali, na cherehani ikaanza kukimbia.