Mapezi ya Namba Arobaini na Mbili

Kila Jumamosi asubuhi Evodie aliamka kabla ya tantine yake. Alifagia ua, akaosha sufuria za jana, akachota maji kwenye bomba la jirani, kisha akanywa chai peke yake mlangoni. Tantine Francine, dada ya mama yake, aliuza vitambaa sokoni na kurudi jioni akiwa amechoka hata kuongea. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu mtu wa maneno machache.

Evodie alikuwa na miaka kumi na mitatu. Alikulia Kirungu, juu milimani, ambako asubuhi watu huvaa sweta. Mama yake alibaki huko kumuuguza bibi. Baba yake alifanya kazi kwenye bwawa la umeme la Piana-Mwanga, na sauti yake ilifika Jumapili tu, mtandao ukikubali. Yeye aliletwa Kalemie kusoma sekondari. Miezi sita ilikuwa imepita, na bado wakati wa mapumziko alikaa peke yake kwenye ngazi za darasa, akijifanya anasoma daftari.

Kitu kimoja tu kilimfurahisha: kikundi cha Mama Julienne. Mama Julienne alikuwa mzamiaji. Alibeba chupa ya hewa mgongoni na kushuka chini ya ziwa kutoa nyavu zilizopotea, maana wavu uliosahaulika huko chini huendelea kunasa samaki na kuwaua bure. Siku za Jumamosi alifundisha wasichana wanane kuogelea wakiwa na maski na mapezi. Mapezi hayo ni viatu vya mpira vyenye ubapa mrefu mbele, kama mkia wa samaki. Kalemie wengi huyaita palme.

Wakati wa likizo ya Pasaka kikundi kingekwenda Zongwe, upande wa kusini wa ziwa. Mama Julienne angezamia, na wasichana wangeogelea juu, wakiweka alama palipo na nyavu. Aliyetaka kwenda ilimpasa kwanza kuogelea hadi boya jekundu lililoelea mbali na ufuko na kurudi bila kusimama, pamoja na mwenzake.

"Wawili wanaenda pamoja, wanarudi pamoja," Mama Julienne alisema. "Mmoja akishindwa, wote wawili wamebaki. Kwenye maji sitaki mtu wa peke yake."

Evodie aliyapenda maneno hayo. Njiani kurudi nyumbani aliyarudia kimoyomoyo mara nyingi.

Mwenzake aliitwa Numbi, binti wa fundi wa reli. Numbi aliogelea tangu utotoni, na hakuficha kwamba angependa kupewa mtu mwingine.

Mapezi yenyewe yalikuja katika katoni kubwa kutoka Kigoma, yote yamekwisha kutumika. Siku ya kuchagua, wasichana waliinamia katoni kama watu wanaochagua mitumba sokoni. Evodie alivuta jozi nyeusi, ndefu kuliko zote. Ndani paliandikwa 42. Mguu wake ulikuwa 37.

Hilo halikumsumbua. Tangu azaliwe hakuwahi kuvaa kiatu kilichomtosha. Mama yake alinunua namba mbili juu, tantine vilevile. "Utakua," walisema, kisha wakajaza kitambaa mbele ya vidole. Tena mapezi marefu yalionekana yana nguvu zaidi.

"Yanakutosha?" Mama Julienne aliuliza.

"Ndiyo, Mama," Evodie alijibu.

Nyumbani alikata kipande cha kitenge kikuukuu, akakikunja na kukijaza ndani ya kila pezi. Alipovaa akiwa amekaa kitandani, yalitulia vizuri.

Siku ya mtihani ziwa lilikuwa tulivu. Evodie na Numbi walianza pamoja. Kabla ya kufika nusu ya safari, kitambaa kililowa na kujikusanya upande mmoja. Kisigino kilianza kucheza na kusuguliwa. Ubapa ule mrefu ulikuwa mgumu, na kila alipopiga teke, mguu ulijipinda ndani ya pezi badala ya kulisukuma. Akaanza kukunja magoti ili mapezi yasichomoke. Halafu msuli wa nyuma ya mguu ukakaza kama kamba. Maumivu yalikuwa makali mpaka akamshika Numbi begani.

Walirudi polepole, Numbi akimvuta, bila kufika kwenye boya.

Ufukweni, Glodie, mmoja wa wale waliokwisha kufaulu, alikuwa amekaa akikausha nywele. "Mutoto wa milima anaogelea kama anapanda mulima," alisema, na wengine wakacheka.

Numbi hakucheka. Alivua maski yake na kusema kwa sauti ya chini, "Sasa Zongwe na mimi siendi. Ndiyo hivyo."

"Nini imetokea?" Mama Julienne aliuliza.

Evodie alitazama mchanga. "Nilichoka, Mama."

Mama Julienne akawapa Jumamosi moja zaidi ya kujaribu.

Wiki hiyo ilikuwa ndefu. Kisigino cha Evodie kilikuwa na kidonda, akakificha ndani ya soksi. Shuleni Numbi alipita mbele ya ngazi za darasa bila kumsalimu. Jumapili baba alipiga simu. Evodie alitaka kumweleza yote, lakini sauti ilikuwa inakatika. Alipoulizwa habari akasema, "Niko sawa, Papa," na simu ikafa. Alikaa akiishika mkononi, akijua kwamba hiyo ilikuwa mara ya tatu kusema neno lisilo la kweli kwa sababu ya mapezi.

Alifikiria kuacha kikundi. Lakini akiacha, Numbi angebaki bila mwenzake, na Zongwe ingempita bila kosa lake. Kila alipofikiri, alifika hapohapo. Kushindwa mwenyewe angeweza kuvumilia. Kumfanya mtu aliyemvuta mpaka nchi kavu ashindwe hakuweza.

Jumamosi alifika ufukweni mapema, wakati Mama Julienne alikuwa bado anapanga maski. Alimsalimu, akakaa chini na kuweka mapezi meusi mbele yake.

"Mama, sikuchoka," alisema. "Mapezi ni makubwa. Nilijaza kitambaa ndani. Nilikudanganya."

Mama Julienne aliingiza mkono ndani ya pezi, akatoa kile kitenge na kukikamua. Hakukunja uso. "Na kisigino?"

Evodie alivua soksi. Mama Julienne alikitazama kidonda, akaenda kuleta maji safi na plasta.

"Mimi nilivaa mapezi ya mwanaume miaka mitatu," alisema huku akimfunga. "Tulikuwa wazamiaji wanne, mwanamuke ni mimi tu. Nilivaa soksi mbili ndani. Miguu ikiuma, nilisema miguu yangu ni dhaifu. Sikumwambia mtu, wasije wakasema mwanamuke hawezi. Kumbe mapezi mengi hutengenezwa kwa mguu mpana. Kisigino cha wengi kati yetu wanawake ni chembamba."

Numbi alikuwa amefika. Alisimama nyuma yao akisikiliza.

Numbi alikaa, akavaa mapezi yake, kisha akayavua mbele yao. Vidole vyake vilikuwa vimekunjwa, na kucha moja imekuwa nyeusi. "Yangu ni madogo," alisema. "Siku ya kuchagua nilisema nimechagua mazuri kushinda wote. Basi nikaona haya kurudisha."

Evodie alimtazama. Muda wote huo alidhani ni yeye peke yake.

Mama Julienne alimwaga katoni yote mchangani. "Sasa tuchague pole pole. Lowesheni miguu kwanza, maana tunayavalia majini. Vaa, halafu nyoosha mguu na uutikise."

Evodie alivaa mapezi ya Numbi, ya rangi ya bluu, namba 38. Akatikisa. Kisigino hakikucheza.

"Vidole vimelala?"

"Vimelala, Mama. Havijakunjwa."

"Pindisha ubapa kwa mkono. Unakubali? Basi hata mguu wako utaweza. Mgumu ni wa mtu mwenye misuli mikubwa au mwenye kupambana na mkondo. Mfupi na laini hautakuchosha."

Numbi alijaribu jozi tatu. Ya nne ilikuwa na mkanda nyuma unaokazwa, ikamkaa. Lakini Mama Julienne bado hakuridhika. Aliwasimamisha majini hadi kifuani, wakashika ukingo wa mtumbwi na kupiga teke mara hamsini. "Uchovu uko wapi?"

"Mapajani," Evodie alisema.

"Mapajani ni vizuri. Ukiusikia kwenye kifundo au nyuma ya mguu, rudi kwenye katoni."

Baada ya wote kufika, wawili hao walianza mtihani. Evodie alipiga teke dogo dogo kutoka kiunoni, magoti yakiwa yamelegea kidogo. Kidonda kiliwasha chini ya plasta. Hawakwenda haraka. Numbi aligeuza kichwa mara kwa mara kumwangalia, na kila mara Evodie alionyesha kwa vidole kwamba yuko sawa, na safari hii ilikuwa kweli. Waligusa boya, wakageuka, wakarudi hadi miguu ikagusa mchanga.

Numbi alikaa akihema. "Wakati wa mapumziko unakaaga wapi?"

"Kwenye ngazi."

"Jumatatu nitakuja."

Mama Julienne aliandika majina yao kwenye orodha ya Zongwe. Kisha aliwaita wasichana wote wanane, akawaketisha kuizunguka katoni.

"Chagueni tena, kila mtu," alisema. "Safari hii nikiuliza kama yanakutosha, usinipe jibu la kunifurahisha. Mimi siwezi kuona ndani ya pezi, na mwenzako hawezi kusikia maumivu ya mguu wako. Mtu akificha, tunamwona mvivu au mwenye kiburi, na yeye anabaki peke yake na maumivu yake. Akisema kweli, tunajua pa kumsaidia. Haya, nani anaanza?"

Glodie alivuta mapezi yake, akayaweka katikati, na kusema, "Mama, na haya yananibana."